Gari Huoshwa Kuanzia Juu

Kijiwe chetu cha Ng'ambo hakina kibao, lakini mwambie bodaboda yeyote wa Tabora akupeleke kwa Povu, atakushusha mbele ya taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa ukuta wa duka la vipuri. Taruma hilo ndilo benchi. Mbele yake kuna kiwanja cha zege lililopasukapasuka, na hapo Godbless, ambaye mji mzima humwita Povu, huosha magari kwa ndoo, brashi na mashine ya presha inayonguruma kuliko kazi inayofanya. Pembeni Lukumani hutua jiko lake la mkaa, birika la kahawa, na sinia la kashata alilolifunika kitambaa ili vumbi la kiangazi lisizionje kabla ya wateja. Wakaaji wa benchi ni walewale kila baada ya swala ya alfajiri: Saidi Injini, aliyestaafu udereva wa treni lakini sauti yake haikustaafu, Masolwa, mfugaji wa Igunga aliyehamia mjini akaja na pori lake kichwani, na mwisho kabisa wa benchi, Mwalimu Sabiri, ambaye zamani ndiye aliyekuwa mtani wao mkuu. Misimu miwili ya mvua iliyopita, mkewe, Shamimu, aligongwa na gari alfajiri kwenye barabara ya Sikonge. Gari halikusimama, wala halikupatikana. Tangu hapo Mwalimu huja, hunywa, husikiliza. Na tangu hapo hakuna mtu kijiweni aliyewahi kulitaja jambo hilo mbele yake.

— Povu, hivi wewe unaosha au unafua? Saidi Injini alianza asubuhi hiyo, akiinyooshea kidole ndoo. Sabuni ya unga ni ya mashuka! Unaipaka kwenye gari la watu, mwezi haujaisha rangi imepauka kama magoti ya mchungaji.

— Shampuu imeisha, mzee wangu, alisema Povu. Halafu wewe unayesema huna hata baiskeli.

— Sina baiskeli, nimeendesha treni! Miaka yote ile, kichwa changu hakikuguswa na sabuni ya unga hata siku moja.

— Hata leo kinaonekana hakijaguswa, alisema Masolwa.

Lukumani alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye mkaa. Moshi ukapanda, kila mtu akafumba macho.

— Mnahangaika bure na sabuni, aliendelea Masolwa. Dawa ya gari ni nta ya nyuki, hii hii ya Sikonge. Unaiyeyusha, unatia mafuta ya taa kidogo, unapaka gari zima kwa kitambaa cha pamba. Vumbi likitua linateleza lenyewe, tena linaomba radhi.

— Na nyuki wakija kudai nta yao?

— Waje na risiti.

— Gari safi ni lile lililolala, alisema Lukumani. Likitembea tu limechafuka. Babu zetu walitoka hapa na pembe begani mpaka pwani, cha kuosha walikuwa na nyayo tu. Walikosa nini?

— Walikosa viatu, bwana.

— Mimi nawaambia usafi uko chini, alisema Saidi Injini. Mvungu! Watu wanang'arisha mlango, mvunguni tope la tangu masika. Chuma kinaliwa kimyakimya. Wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

— Hapo wahenga umewasingizia, mzee.

— Walisema au hawakusema?

— Walisema, lakini hawakuwa wanazungumzia mvungu.

Mwalimu Sabiri alitabasamu ndani ya kikombe. Alipenda mazungumzo ya aina hii kwa sababu hayakumdai chochote. Taa zilizofifia zisuguliwe kwa dawa ya meno au kwa majivu? Kioo kifutwe kwa gazeti au kwa kitambaa? Mtu angeweza kukaa humo asubuhi nzima bila kuguswa. Kitu kimoja tu hakikumpa raha, na hakuwahi kumwambia mtu. Kila Povu alipouelekeza mpira wa maji kwenye bampa la gari, macho ya Mwalimu yaliyafuata maji yale yanavyotiririka juu ya zege, yanavyoingia kwenye mfereji, mpaka yakapotea. Tangu azike, alijua kwamba mahali fulani, katika kiwanja fulani kama hiki, maji yalipita juu ya bampa la gari lile yakaenda zake. Na pembeni, bila shaka, watu walikuwa wamekaa wanabishana habari za sabuni.

Noah nyeupe iliingia wakati huo.

Waliitambua kabla haijazima. Ilikuwa ya Uwesu, kijana wa Gongoni anayebeba abiria kati ya Tabora na Sikonge. Lakini badala ya kuisimamisha katikati ya kiwanja, Uwesu aliizungusha, akaiegesha pua yake ikiwa imekaribia kugusa ukuta, kama mtu aliyekaa kwenye baraza akawapa watu mgongo.

— Oya, Uwesu, rudi nyuma! Povu alipiga kelele. Mpira haufiki huko.

— Hapa hapa panatosha.

Alishuka, akawaamkia wazee kwa mkupuo mmoja, kisha akasimama mbele ya Mwalimu.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba. Hujambo, baba?

— Sijambo.

— Za Sikonge?

— Salama tu.

Siku nyingine Uwesu angempa Mwalimu mikono yote miwili na kuinamisha kichwa. Mwalimu alimfundisha kusoma, na siku ya mazishi Uwesu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Bega la kulia, mbele, hakukubali kupokewa mpaka makaburini. Leo mikono aliiweka mfukoni. Lukumani alimpa kikombe, akainywa kahawa yote kwa funda moja. Hakuonekana kuhisi kwamba ni ya moto.

— Povu, alisema, anza mbele.

— Mbele?

— Nioshee mbele kwanza. Hayo mengine baadaye.

Povu aliweka brashi chini. Kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyaacha yapite.

— Sikiliza, kaka. Gari huoshwa kuanzia juu. Paa, vioo, ubavu, nyuma, ndiyo unakuja mbele, mwisho matairi. Ukianza na mbele, uchafu wa paa unakushukia kwenye kazi uliyokwisha kuimaliza. Hata mtu hawezi kunawa uso halafu ndiyo aoge kichwa.

— Povu, nimekwambia anza mbele.

— Na mimi nimekwambia gari huoshwa kuanzia juu.

Povu alijipenyeza kati ya pua ya gari na ukuta ili aone kuna nini huko cha haraka namna hiyo. Alichungulia, akatoa kichwa.

— Umegonga?

— Mbuzi, alisema Uwesu. Neno lilimtoka kabla swali halijafika mwisho.

Benchi lote lilisogea mbele kwa pamoja. Mwalimu hakusogea. Kutoka alipokaa, mwisho wa taruma, aliona upande wa kushoto wa gari: taa iliyopasuka, bampa lililoning'inia, na kitu cheusi kilichokaukia kwenye rangi nyeupe. Mbuzi, alijiambia. Kisha aliona kioo cha mbele. Kilikuwa na ufa uliotawanyika kama utando wa buibui, juu, upande wa abiria. Mbuzi huruka, alijiambia tena.

— Basi hapo maji matupu hayafui dafu, alisema Saidi Injini kwa sauti ya mtu aliyepata kazi. Damu nzito kuliko maji. Ndiyo maana maji hayaitoi.

— Chumvi, alisema Lukumani. Chumvi na maji ya baridi. Ya moto yanaipika, inaganda kabisa.

— Ndimu!

— Ndimu inakula rangi, alisema Povu. Tulieni, nitaloweka kwa povu. Lakini kwanza naanza juu.

Akawasha mashine. Maji yalipiga paa la Noah kwa kishindo, vumbi jekundu likaanza kushuka ubavuni kama mchuzi. Uwesu alifungua mdomo, akaufunga, akakaa kwenye ncha ya benchi mbali na Mwalimu.

— Ulimpatia wapi huyo mbuzi? aliuliza Masolwa.

— Kabla ya yale mabani ya kukaushia tumbaku. Nilikuwa mwenyewe, nakuja kuchukua abiria wa kwanza. Kulikuwa bado na giza. Ametokea tu, ghafla. Nimesikia kengele, halafu pu.

— Kengele? Masolwa alikunja uso. Anayevaa kengele ni ng'ombe, tena yule anayewaongoza wenzake. Mbuzi wa kuvaa kengele mimi sijamwona.

Mwalimu alijua alfajiri ile barabarani kuna akina nani. Wauza asali. Wauza mkaa. Watu wanaokwenda mjini mapema kabla jua halijakali, wakiwa na mizigo nyuma ya baiskeli, na wakisikia gari nyuma yao hupiga kengele ili waonekane.

Aliona Saidi Injini akimtupia jicho la pembeni. Jicho fupi tu. Kisha Saidi akapaza sauti kuliko kawaida.

— Wewe Masolwa umepitwa na wakati! Mbuzi wa siku hizi wanavaa hata simu. Kuna wezi, ndugu yangu. Mwenye mbuzi anamfunga kengele, akiibiwa anamsikia.

— Aa, hilo linawezekana, alisema Masolwa upesi, na yeye pia akamtupia Mwalimu jicho la pembeni. Au hakuwa mbuzi. Hapo ndipo penye noma. Alfajiri, giza, mabani ya tumbaku... Mwanangu Uwesu, uliona mkia?

— Sikuona.

— Basi alikuwa fisi. Na fisi wa saa ile hatembei peke yake, ana mwenye kumpanda. Mchawi anarudi kazini, amechelewa, anamchapa fisi wake awahi kabla hakujakucha. Kengele ni ya huyo mchawi. Gari la namna hiyo huoshi kwa sabuni, Povu! Sabuni inafungua. Unaosha kwa maji ya njia panda, unarudi kinyumenyume.

— Na mashine ya presha nayo irudi kinyumenyume? aliuliza Povu kutoka juu ya paa.

— Cheka tu. Kicheko cha mamba hicho.

— Machozi ya mamba, Masolwa.

— Mamba ni mamba.

Uwesu alikuwa amenyanyua uso. Mwalimu aliona jinsi kijana yule alivyokuwa akiyapokea maneno, moja moja, kama mtu wa homa anayepewa maji. Mbuzi. Fisi. Mchawi. Chochote.

— Mchawi, mchawi! alisema Saidi Injini. Uliza historia, wewe. Barabara ile ni ya misafara. Wapagazi wangapi walianguka mle na mizigo yao wakaachwa? Hawakuoshwa, hawakuzikwa, hawakusomewa hata aya moja. Bado wanatembea. Baba yangu aliwaona, wamepanga mstari, wa mbele ana kengele mguuni ili wa nyuma wamfuate. Ukimgonga mmoja wao, gari linachafuka vizuri tu, lakini ukitazama barabarani, hakuna kitu.

— Ni kweli, alisema Uwesu. Barabarani hakukuwa na kitu. Mimi sikuona kitu.

— Si mnaona!

Mwalimu alikiweka kikombe chini. Asiyeona kitu ni yule aliyetazama akakosa, na ni yule ambaye hakutazama. Swali lilikuwa dogo, la neno moja. Lakini aliliogopa. Kwa misimu miwili alikuwa amemtengenezea mtu yule wa gari sura: mnene, mlevi, mgeni wa mji, mtu asiye na mama. Sura hiyo ilimsaidia kulala. Akiuliza sasa, atajibiwa. Na akijibiwa, sura ile itavuliwa, na chini yake atakuwa amekaa mtu kama Uwesu wa Gongoni, aliyebeba jeneza kwa bega la kulia na kukataa kupokewa. Kwa hiyo naye alinyamaza. Wazee walikuwa wakimhurumia yeye kwa kelele, na yeye akiwasaidia kwa kimya. Na huko barabarani kulikuwa kunakucha.

Jua lilikuwa limeshagusa juu ya ukuta. Lilishuka taratibu, likafika kwenye paa la Noah, povu likameremeta.

— Hebu niambie, Saidi Injini alikuwa hajachoka. Hii Noah ilipofika, mliitolea kafara?

— Tulichinja kuku, mzee. Damu tukapaka matairi.

— Kuku! Saidi alijipiga paja. Jamani! Noah ni gari la mbuzi! Kuku ni wa pikipiki! Unaliambia gari la viti tele lile kuku? Basi kwisha, jibu tumelipata. Gari limejichukulia haki yake. Hukugonga wewe, baba. Limegonga lenyewe.

— Hapo umesema! alisema Lukumani.

— Mwenye njaa hana miiko, alisema Masolwa, na kwa mara ya kwanza tangu walipojuana alikubaliana na Saidi Injini. Wakapeana mikono.

Uwesu alicheka. Kicheko kilikuwa kikavu, kilichokwaruza, na kilikatika katikati kama tawi. Mwalimu hakuweza kumtazama. Alimtazama Povu. Povu alikuwa amemaliza paa, amemaliza vioo vya pembeni, yupo ubavu wa kulia, anasugua kwa miduara kama alivyozoea, bila haraka. Bado nyuma. Kisha mbele. Mwalimu alijikuta akiomba dua ya ajabu, ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha: kwamba ubavu ule usiishe.

Ndipo alipokuja mama mmoja na tenga la kuku wawili kichwani. Alikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alilitua tenga, akapiga goti kidogo kwa wazee.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mama, aliitikia Masolwa, akafurahi kusikia lugha ya kwao. Umetoka wapi asubuhi yote hii?

— Nimetoka Nzega, nimelala hapa stendi. Naitwa Kabula. Binti yangu amejifungua Sikonge. Wameniambia gari la Uwesu liko huku linaoshwa.

— Umefika, mama, alisema Lukumani. Kunywa kahawa. Likishatakata linaondoka.

— Limefanyaje?

— Limegonga mbuzi, alisema Saidi Injini.

— Yoo. Poleni. Mama Kabula aliketi juu ya tofali, akapokea kikombe, akapuliza. Wa rangi gani?

Masolwa alikohoa, Lukumani akachochea mkaa.

Mama Kabula alidhani hawakumsikia.

— Nauliza huyo mbuzi, alikuwa wa rangi gani? Maana mbuzi ana mwenyewe. Sisi wafugaji tukipoteza mnyama tunaulizana rangi. Napita huko huko, nitawaambia watu: mbuzi wenu, wa rangi fulani, yuko mahali fulani. Mwenyewe akamchukue.

— Mweusi, alisema Saidi Injini.

— Wa madoa, alisema Masolwa papo hapo, na wakatazamana.

— Kulikuwa na giza, mama, aliongeza Lukumani, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

— Giza la nje. Gari si lina taa? Mama Kabula alimgeukia Uwesu, bila ubaya wowote, kama anayeuliza njia. Wewe ndiye uliyeendesha, baba. Alikuwa rangi gani?

Povu alizima mashine. Labda ubavu ulikuwa umekwisha, labda alitaka kusikia. Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye milango ya Noah, tone moja moja, na kuku ndani ya tenga walihamisha miguu.

Uwesu alikuwa ameinama, viganja katikati ya magoti. Benchi zima lilikuwa likitazama chini. Saidi Injini, ambaye hajawahi kukosa neno tangu treni ya makaa, alikuwa akikwangua zege kwa kidole cha mguu.

— Uwesu, alisema Mwalimu.

Ilikuwa mara ya kwanza kutamka neno tangu salamu.

— Naam, Mwalimu.

— Mama amekuuliza rangi.

Kijana alinyanyua macho. Yalikuwa mekundu, na hofu iliyokuwa ndani yake Mwalimu aliijua. Aliiona kila alfajiri kwenye kioo anaponyoa.

— Bluu, alisema Uwesu.

Mama Kabula alishusha kikombe. Alitazama uso mmoja, akatazama mwingine, kisha akavuta ncha ya kitenge chake akajifunika mdomo.

— Ulisimama? aliuliza Mwalimu. Hilo ndilo neno alilokuwa amelimeza, na lilipotoka halikuwa zito kama alivyoliogopa. Lilikuwa neno tu.

— Sikusimama. Mwalimu, tunafundishwa tusisimame. Majambazi wanaweka magogo, wanajilaza barabarani, ukishuka wanakumaliza. Na kama si wao, ni wanakijiji, wangenichoma na gari. Niliogopa. Nikasema nikifika mjini, likioshwa, nitapata akili ya kufikiri. Ungekuwa wewe, Mwalimu, ungesimama?

Mwalimu alilifikiria swali hilo kwa haki.

— Sijui, alisema.

Kisha akasimama. Alitembea juu ya zege lenye maji, akapita kwenye ule upenyo kati ya gari na ukuta, na akatazama kile ambacho hakutaka kukitazama. Hakugusa. Kwenye mpasuko wa bampa kulikuwa na uzi wa kitambaa. Rangi yake ilikuwa ile ile aliyoitaja Uwesu.

Alirudi, akasimama mbele ya benchi, akazungumza nao wote, taratibu, kama aliyekuwa akisoma imla darasani.

— Shamimu alikuwa hai mpaka jua likatoka. Aliyemkuta alisema aliomba maji. Daktari alisema angefikishwa mapema, ingekuwa habari nyingine.

Akaunyooshea mkono ukuta.

— Sasa jua ndiyo kwanza limefika ukutani. Uwesu, chukua ufunguo uwashe. Tunarudi.

— Wataniua, Mwalimu.

— Mimi nitakaa mbele. Watanikuta mimi kwanza.

Uwesu hakuinuka. Mwalimu alimnyooshea mkono, akaungoja. Ulikuwa mkono wa mzee, wenye chaki iliyokwisha kuingia kwenye ngozi na kukataa kutoka. Baada ya kitambo kijana aliushika, kwa mikono yake yote miwili, akajivuta nao.

— Mimi nakuja, alisema Mama Kabula. Alikuwa ameshawapa kuku mgongo. Nina kanga mbili safi kwenye mfuko. Na maji.

— Povu, aliita Mwalimu, toa mpira wako. Mbele usiguse.

— Sijagusa, Mwalimu, alisema Povu. Alikuwa amesimama na brashi yake, povu likimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeponea chupuchupu. Nilianza juu.

Mlango wa abiria ulikuwa na povu. Mwalimu aliufungua hivyo hivyo, akaketi chini ya ule ufa. Kutoka ndani, dunia ilionekana imekatikakatika: vipande vya ukuta, vipande vya jua, kipande cha Lukumani anayeinamisha birika na kukuta mashapo matupu. Uwesu aliwasha gari. Mara ya kwanza lilizimika. Mara ya pili likawaka.

— Saidi! Mwalimu aliita kupitia dirishani. Piga simu hospitali, waambie watume gari mabani ya tumbaku. Kisha piga polisi.

Saidi Injini alikuwa ameshaiweka simu sikioni. Noah ilirudi nyuma kutoka ukutani, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile pua yake ilionekana na kila mtu. Masolwa alivua kofia. Gari liligeuka polepole kuelekea barabara kuu, paa lake likidondosha povu, na Mwalimu alisikia nyuma yake sauti ya Saidi, sauti iliyokuwa ikishindana na vichwa vya treni, imekuwa ndogo kama ya mtu anayezungumza chumba cha mgonjwa:

— Ndiyo, afande. Noah nyeupe. Wanarudi huko sasa hivi... Hapana, afande. Mbele hapajaoshwa.